Uzi: Kuisoma riwaya ya fantasia kwa podikasti kabla ya kujichapishia kitabu

Chapisho la 1 (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa,

Kwa muda wa miezi mitano nimekuwa nikiisoma riwaya yangu ya fantasia kwa sauti yangu mwenyewe, sura moja kila Ijumaa, na kuiweka mtandaoni bila malipo, ilhali mswada wake bado haujawa kitabu. Watu kadhaa wameniandikia faraghani wakiniuliza jambo moja kwa maneno tofauti: nani atatoa fedha kununua kitabu ambacho amekwisha kukisikia chote bure? Nimeona nilijibu hapa hadharani na kwa urefu, kwa sababu swali lenyewe ni halali, na kwa sababu nadhani wamo humu wenzangu ambao miswada yao imelala kwenye kompyuta ikisubiri barua ya mchapishaji isiyokuja.

Swali hili liliwahi kuulizwa Marekani mwaka 2005. Wakati huo jina la podikasti lilikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, kwani lilionekana katika gazeti la The Guardian la Uingereza mwezi Februari 2004. Mapema mwaka 2005 Tee Morris, mwandishi wa riwaya ya fantasia iitwayo Morevi, ambayo ilikuwa imechapishwa na kampuni ndogo ya Kanada mwaka 2002, aliamua kuisoma yote kwa podikasti ili kuwaandaa wasomaji kwa juzuu ya pili. Mwezi Machi mwaka huohuo Scott Sigler, ambaye riwaya yake ilikuwa imekwama baada ya kitengo kilichokuwa kiichapishe kufungwa, naye akaanza kusoma yake sura baada ya sura. Zingatieni kwamba iTunes, duka la mtandaoni la kampuni ya Apple, ilianza kupokea podikasti mwezi Juni 2005. Hawa walianza kabla hata ya duka hilo kuwa na rafu ya kuwawekea.

Mwaka huohuo Tee Morris, Evo Terra na Chris Miller walianzisha tovuti ya Podiobooks, ambayo ilikuwa na utaratibu ninaoutamani hadi leo. Kila msikilizaji aliyejiandikisha alianzishiwa sura ya kwanza, hata kama wenzake walikuwa wamefika ya thelathini, na aliamua mwenyewe apokee sura mpya kila baada ya siku ngapi. Kusikiliza kulikuwa bure, aliyependa alichangia, na robo tatu ya mchango ilikwenda kwa mwandishi.

Kilichonifungua macho, hata hivyo, ni tarehe 1 Aprili 2007. Sigler aliwaomba wasikilizaji wake wanunue riwaya yake ya Ancestor siku hiyo, kupitia Amazon, kwa pamoja. Walikuwa wamekwisha kuisikia, na majuma mawili kabla ya hapo alikuwa ameitoa bure kwa PDF. Kitabu kilifika nafasi ya 7 katika orodha ya mauzo ya duka hilo zima, ingawa mchapishaji wake alikuwa kampuni ndogo isiyo na fedha za matangazo. Mwaka uliofuata Crown, tawi la Random House, lilitoa riwaya yake nyingine kwa jalada gumu. Mimi nisingeishia hapo kama wengi wanavyoishia, kwani jambo linalonivutia zaidi ni kwamba mwaka 2009, akiwa na mchapishaji mkubwa mkononi, alijichapishia mfululizo mwingine kupitia kampuni yake mwenyewe, na akaendelea kusoma bure kila juma.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba atakayenunua ni yuleyule aliyesikia bure, na ananunua kwa sababu alisikia. Mtu ambaye amekaa na sauti yako miezi mitano akiosha vyombo, akipiga pasi au akiwa amebanwa kwenye daladala ya Mbagala, hanunui ili ajue mwisho wa hadithi. Mwisho anaujua. Ananunua kitu cha kushika, cha kumpa mdogo wake, cha kuweka kabatini, na ananunua pia kwa sababu umekuwa mtu anayemfahamu.

Sisi tunao utaratibu wetu unaofanana na huu, wa hadithi za Facebook zinazoishia na neno «itaendelea», kisha ikifika sehemu ya ishirini msomaji anaambiwa alipie ili aunganishwe na kundi la WhatsApp. Siubezi, kwa maana umewalisha waandishi wengi kuliko kampuni za uchapishaji. Tatizo langu ni kwamba unamkata msomaji pumzi mahali alipoipenda hadithi, naye hulipa akiwa na kinyongo, halafu humrushia rafiki yake sehemu zote kwa kinyongo kilekile. Mimi namaliza hadithi yote bure, na ninachouza ni kitabu.

Sasa niseme lile ambalo sikulitarajia, nalo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Kusoma kwa sauti kumeuandika upya mswada wangu.

Riwaya inahusu nahodha wa jahazi na mji unaoonekana baharini wakati wa maleleji tu, upepo wa kaskazi ukiwa umetulia na wa kusi haujaanza. Mji huo niliuita Usingizi, na kwenye karatasi niliona jina limekaa vizuri sana. Siku ya kurekodi sura ya tatu nikasoma: «Nahodha alitoka Usingizini alfajiri, akiwa na kiu.» Ndugu zangu, msomaji anaiona herufi kubwa, bali msikilizaji haioni. Kwake nahodha ameamka tu, kama sisi sote. Sura nzima iliharibika, maana kila aliyerudi Usingizini alikuwa amelala, na aliyefia Usingizini alikuwa amejifia kitandani kwa amani, wakati mimi nilikuwa nimemuua kwa upanga. Nililazimika kuchagua kati ya kubadili jina na kuufanya utata huo kuwa sehemu ya hadithi, na baada ya siku mbili za kuzunguka nalo nikachagua la pili: sasa wahusika wenyewe hawajui kama wamefika mjini au wameota. Riwaya ni bora zaidi kwa ajili hiyo, na nisingeliona jambo hilo kwa macho hata ningesoma mara kumi.

Majina ya viumbe yalinitesa kwa njia nyingine. Kiumbe wangu wa baharini alikuwa na jina linaloanza na ki-, na kila niliposema «kilikuja», «kilimtazama», msikilizaji alipata picha ya chombo au ya kitu kidogo cha kudharauliwa. Nilipombadilishia upatanisho akawa «alikuja», «alimtazama», hofu ikarudi. Lugha yetu inamweka kiumbe katika ngeli kabla mwandishi hajamweleza sura yake, na mwandishi wa fantasia asipoichagua ngeli kwa makusudi, ngeli itamchagulia yeye.

Halafu kuna ramani. Vitabu vya fantasia hupenda kuanza na ramani, na mimi nilichora yangu kwa kalamu ya wino, nzuri kabisa. Kwenye podikasti haina kazi. Nimelazimika kumwongoza msikilizaji kwa upepo, kwa kina cha maji na kwa kuhesabu siku za safari, kama manahodha walivyofanya.

Nakaribisha maswali, na zaidi ya hayo nakaribisha upinzani.

Chapisho la 2 (mchangiaji kutoka Tanga)

Dada mwanzisha uzi, hongera kwa kazi. Nitachukua nafasi ya upinzani uliyoifungua mwenyewe.

Mfano wa Sigler ni wa kweli, ila ni mfano wa aliyefaulu. Yuko J.C. Hutchins, ambaye alianza mwaka 2006 kusoma kwa podikasti hadithi yake ya 7th Son, yenye sehemu tatu, akapata wasikilizaji wengi na kupendwa sana katika kundi lilelile la waandishi wa podikasti. Kampuni ya uchapishaji ya St. Martin's ikamchapishia kitabu cha kwanza mwaka 2009, kisha cha pili na cha tatu haikuvitoa. Wapenzi walikuwapo, sauti ilikuwapo, mchapishaji mkubwa alikuwapo, na bado haikutosha. Hapo ndipo ninapouliza: tunapima vipi tofauti kati ya mtu anayesikiliza na mtu atakayenunua?

La pili ni bando. Msikilizaji wa Marekani mwaka 2005 alipakua kwa intaneti ya nyumbani usiku akiwa amelala. Wa kwetu ananunua kifurushi cha siku. Ukimpa sura ya nusu saa, umempa bure kitu ambacho yeye amekilipia.

Chapisho la 3 (mwanzisha uzi)

Kaka wa Tanga, hoja zote mbili nazikubali, na ya pili ilinigharimu wasikilizaji mwanzoni.

Sura zangu huchukua takriban dakika 25. Nilikuwa nazihifadhi kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, stereo, kama nilivyoikuta programu imejipanga, na kila sura ilikuwa na uzito wa megabaiti 24. Nilipotambua kwamba sauti moja ya mtu mmoja haihitaji stereo, nikashuka hadi kilobiti 64, mono, uzito ukawa megabaiti 12, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kuhusu ubora. Vilevile naituma sura kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu wengi wana kifurushi cha mitandao ya kijamii na hawana cha intaneti kamili. Huenda mtaalamu atasema hiyo si podikasti tena, kwa kuwa podikasti kwa maana yake halisi ni faili la sauti linalosafiri ndani ya mlisho wa RSS, yaani orodha ya mtandaoni inayoifikishia programu ya msikilizaji kila sura mpya. Ninao mlisho wa RSS, ninauheshimu, lakini shangazi yangu wa Lindi yuko WhatsApp.

Kuhusu Hutchins, nadhani funzo lake liko mahali pengine kidogo. Mchapishaji mkubwa anahitaji mauzo ya maelfu mengi ili aone faida, na kwake wasikilizaji waaminifu wachache ni hasara. Kwa anayejichapishia, haohao ni mtaji. Wasikilizaji mia tatu waliolipia oda kabla ya kitabu kuingia mtamboni wanatosha kulipa gharama za uchapaji wa kawaida wa hapa, ilhali kampuni kubwa ingewaona ni makosa ya hesabu. Kipimo changu cha nani atanunua ni kimoja tu: nani amelipia oda. Waliobonyeza kidole gumba siwahesabu.

Chapisho la 4 (mchangiaji kutoka Dodoma)

Naomba utueleze vifaa. Nimesikia sura mbili za mwanzo na sauti yako haina mwangwi. Ulikodi studio?

Chapisho la 5 (mwanzisha uzi)

Sikukodi. Narekodi ndani ya kabati la nguo, mlango ukiwa wazi nusu, blanketi limetundikwa nyuma yangu. Nguo zinameza mwangwi kuliko sifongo za kununua. Maikrofoni ni ile ya kuchomeka kwenye kompyuta, nimeiweka umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni na upande kidogo, ili pumzi za herufi p na b zipite kando yake. Nazima feni, nazima jokofu (weka ufunguo wa gari au wa nyumba ndani ya jokofu, usipofanya hivyo utasahau kuliwasha tena na samaki wataoza, nasema kwa uzoefu), kisha nanyamaza sekunde kumi kabla ya kusoma, ili programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, ipate mfano wa kelele za chumba na kuzipunguza.

Nikikosea sianzi upya. Napiga kofi moja, narudia sentensi, naendelea. Wakati wa kuhariri kofi linaonekana kama mwiba kwenye mchoro wa sauti, naruka kutoka mwiba hadi mwiba na kukata. Hata hivyo, dakika 25 za sura moja hunichukua jioni mbili, na asiye na jioni mbili kwa juma asiahidi kila Ijumaa. Afadhali kila baada ya majuma mawili, bila kukosa.

Chapisho la 6 (mhariri mstaafu)

Nimefanya kazi ya kuhariri vitabu vya Kiswahili kwa miaka mingi na nimesoma uzi huu kwa furaha pamoja na wasiwasi.

Furaha yangu ni kuona kijana anatambua kwamba fantasia si mgeni kwetu. Shaaban Robert alituandikia Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea hewani, na hakuna aliyemwambia kwamba ameiga wageni. Tena fasihi yetu ndefu kabisa, yaani tenzi, ilitungwa kwa ajili ya kughaniwa na kusikilizwa, na nakala ya maandishi ilikuwa kumbukumbu ya sauti.

Wasiwasi wangu ni huu. Kiswahili kinatofautisha mchapishaji na mchapaji, na watu wengi wanaosema wamejichapishia wamejichapia tu: wamepeleka faili kwa mwenye mtambo, wakapewa maboksi. Mchapishaji ni yule anayelipia uhariri, anayesoma prufu, anayeamua ukubwa wa herufi na aina ya karatasi, anayeomba ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), na anayebeba hasara. Mwanzisha uzi, sikio limekusaidia kugundua utata wa jina la mji, lakini sikio halioni koma iliyokosewa, wala halioni kwamba jina la kiumbe limeandikwa kwa h katika sura ya pili na bila h katika sura ya kumi na moja. Unapolisoma wewe mwenyewe, unalitamka sawa kila mara, na kosa linabaki limejificha. Mtafute mhariri asiyewahi kukusikiliza, asome kwa macho makavu.

Kwa wasiojua, ISBN kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na kwa Kenya hutolewa na huduma ya maktaba ya taifa. Kila umbo la kitabu lina namba yake: ya karatasi si ya kitabu pepe.

Chapisho la 7 (mchangiaji kutoka Mombasa)

Ndugu zangu, mimi nina mambo mawili.

La kwanza ni ufunguzi wa kipindi. Nasikia dada anaanza kila sura kwa «Paukwa!» na kunyamaza kidogo ili nasi tuitike «Pakawa!» nyumbani. Mimi naitika, sikatai, hata mke wangu jikoni huitika. Lakini mpwa wangu wa miaka kumi na saba alifunga hapohapo akasema hizi ni hadithi za watoto. Riwaya ina vita, ina maombolezo, ina mapenzi ya watu wazima; ufunguzi huo haumpotoshi msikilizaji?

La pili ni mikataba. Nataka kufuata njia hii kwa mswada wangu, na kitabu pepe nikiweke Amazon. Je, kusoma bure kwa podikasti hakuvunji masharti yao?

Chapisho la 8 (mwanzisha uzi)

Mzee wangu mhariri, shikamoo. Nimeyapokea. Juu ya h umenipata: nimefungua mswada usiku huu na nimeikuta katika sura nne. Mhariri nitamtafuta kabla ya oda hazijafungwa, na gharama yake nitaitoa kwenye fedha za oda, hata kama hiyo itamaanisha jalada la rangi chache zaidi.

Ndugu wa Mombasa, kuhusu mikataba: katika KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia, kuna mpango wa kawaida na kuna mpango wa KDP Select. Katika ule wa Select unaahidi kwamba kwa siku 90 kitabu pepe hakitapatikana mahali pengine popote kwa umbo la kidijitali. Sauti haimo katika ahadi hiyo, kwa hiyo podikasti haiivunji, lakini PDF ya bure kama ile ya Sigler ingeivunja mara moja. Ukibaki katika mpango wa kawaida uko huru zaidi. Mrabaha ni asilimia 70 ukiuza kati ya dola 2.99 na 9.99 katika nchi zilizoorodheshwa, na asilimia 35 nje ya hapo. Maana yake ukitaka kuuza kwa dola moja ili mwanafunzi amudu, utabaki na thuluthi tu. Jihadhari zaidi na mikataba ya vitabu vya sauti inayodai haki za pekee, kwa sababu ukisaini huo utalazimika kuziondoa sura zako zote za bure. Mimi sijasaini wowote.

Jambo jingine wasilolitaja wengi ni leseni unayoitoa kwa msikilizaji. Podiobooks waliwataka waandishi watumie leseni ya Creative Commons inayoruhusu kusambaza kwa kutaja jina, bila biashara na bila kubadili kazi. Mwishoni mwa kila sura nasema sentensi moja yenye maana hiyohiyo kwa Kiswahili: mrushie umpendaye, usiuze, usikate. Tangu nianze kuisema, wanaorusha sura kwenye makundi huziacha na jina langu.

Kuhusu «Paukwa», umenigusa mahali pa kidonda. Niliichagua kwa sababu nilitaka msikilizaji ajibu kitu kwa mdomo wake kabla hajaanza kusikiliza, na hapa bara wengine waliniomba niweke «Hadithi! Hadithi!» ili waitike «Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea». Sikufikiria kijana wa miaka kumi na saba, ambaye ndiye hasa niliyemwandikia. Nimejaribu jana kuanza na sauti ya nahodha akipima kina cha maji: «Pima tatu. Pima mbili na nusu. Pima mbili.» Nadhani inatisha vya kutosha. Muulize mpwa wako kama ataifunga.

Chapisho la 9 (mchangiaji kutoka Tanga)

Nimerudi kusema nimelipia oda. Naomba tu ile ramani ya wino iwekwe ndani ya kitabu, kwa maana nimesikiliza sura ishirini na mbili na bado sijui kisiwa cha pili kiko upande gani wa mkondo.

Chapisho la 10 (mwanzisha uzi)

Itakuwamo, kurasa mbili zinazotazamana. Nilikuwa nimeipangia kuiondoa ili kupunguza gharama, na sasa naona ndicho kitu pekee ambacho podikasti haiwezi kuwapa.

Kwa wanaofuatilia: sura ya 23 haitatoka Ijumaa hii. Jirani yangu anamwaga zege la ghorofa ya pili na mtambo wa kuchanganyia uko chini ya dirisha langu tangu asubuhi hadi magharibi. Fundi ameniahidi kwamba Jumapili hawafanyi kazi, hivyo nitarekodi siku hiyo na kuituma jioni.